Masizi ya Kwa Roketi

Siku ya hitima ya Bi Zuwena nilivaa vibaya. Nilichukua gauni langu la kanisani, jeusi, la mikono mifupi, nikasahau kwamba nakwenda kukaa mkekani na wanawake waliokuwa wakisoma Yasini tangu asubuhi, na nilipofika Chamazi ilibidi Rahma, bintiye marehemu, anitupie kanga mabegani kabla sijavuka kizingiti. "Sekela we, utakufa hujajifunza," akaninong'oneza, na machozi yake bado mabichi usoni, akacheka. Ndivyo walivyo watu wa nyumba ile. Wanakusitiri kwanza, halafu ndipo wanakucheka.

Nilikaa karibu na mlango wa uani, nikawasikiliza wakimsifu marehemu namna tunavyosifiwa sote tukishakufa. Ila sifa zake hazikuwa za kubuni. "Bi Zuwena alikuwa hawezi kuona takataka akapita," alisema mmoja. "Sufuria zake? Ungejitazama mle ukapaka wanja," akadakia mwingine. "Na mgeni! Mgeni kwake alikuwa mfalme." Wakaitikia, wakamwombea pepo, na mimi nikainamisha kichwa nikajifanya nalia. Silii hovyo, na siku ile hata nilipotaka machozi hayakuja. Nilikuwa naona haya. Haya ileile ya mwaka niliokaa kwake nikiwa msichana, niliyodhani imezeeka pamoja nami, kumbe mbichi vilevile. Maana usafi ule waliokuwa wanausifu ndio uliomvunjia nyumba, na mwenye neno moja la kuuzuia nilikuwa mimi.

Ukipita leo Mbagala Rangi Tatu ukaelekea Kongowe, kuna kituo ambacho makondakta wanakiita Roketi. "Roketi wa kushuka!" Shuka basi, uangalie. Utaona ukuta mrefu wa godauni, malori yamejipanga, na mama lishe wanaokaanga mihogo kandokando ya geti. Nimewahi kumuuliza kijana wa bodaboda pale kwa nini panaitwa hivyo, akanijibu bila hata kufikiri, "Si kulikuwaga na baa, mama." Hapakuwa na baa. Palikuwa na roketi za kweli. Miaka ya mwanzo ya uhuru wageni waliweka pale kituo kidogo cha kurushia roketi za kupima hali ya hewa ya juu kabisa, kule mawingu na ndege visikofika. Si zile kubwa zilizopeleka watu mwezini. Hizi zilikuwa nyembamba, urefu wa mlingoti wa bendera ya shule, zikipanda na vipimo vyao hadi kwenye ukingo wa anga, kisha zinaangukia baharini huko. Walirusha kwa miaka michache, wakafunga, wakaondoka na makaratasi yao yote. Vyuma vikaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Vilivyobaki ni sakafu ya zege katikati ya uwanja, na nyuma yake ukuta mmoja mnene, wa kukinga moto.

Nilipofika mimi, nikiwa nimetoka chuoni juzijuzi, uwanja ule ulikuwa na ugomvi. Mfanyabiashara mmoja alitaka kuununua ajenge godauni. Sisi tulikuwa timu ndogo ya tathmini, iliyotumwa kuamua kama mahali pale panastahili kuhifadhiwa kama kumbukumbu ya nchi. Kiongozi wetu alikuwa Bwana Mapunda, mtu mrefu mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu zaidi. Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa mkataba wa mwaka. Watu wa mfanyabiashara walisema hapakuwa na roketi wala nini, ule ukuta ni mabaki ya josho la kuogeshea ng'ombe. Nasi hatukuwa na karatasi ya kuwapinga. Tulikuwa na masizi. Ukuta mzima, kuanzia usawa wa magoti hadi juu, ulikuwa mweusi, na ukisogea karibu uliona kwamba weusi wenyewe una tabaka: moto mmoja juu ya mwingine, kila mmoja umeanzia chini palepale, ukatanuka kwa juu mfano wa upepeo, ukachoma zege mpaka likapasuka ngozi. "Josho haliwaki moto," Bwana Mapunda alikuwa akisema huku akiupiga ule ukuta kofi la upendo. "Huu weusi, binti, ndiyo kesi yetu yote. Hatuna kingine." Kazi yangu ilikuwa kuuchora. Asubuhi hadi jioni, kwa penseli, nikipima kila ulimi wa moto ulipoanzia na ulipoishia. Kamera tulikuwa nayo, lakini picha zake zilitoka zimefifia kiasi kwamba hata mimi niliyekuwepo sikuweza kusema ni ukuta au ni mvua.

Nilipanga chumba kwa Bi Zuwena kwa sababu nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa uwanja, na dirisha langu liliutazama ukuta. Mbele alikuwa na duka, kama babu zake waliotoka Hadhramauti walivyokuwa na maduka. Chumba changu kilipakana na stoo, kwa hiyo nililala nikinusa mafuta ya taa, sabuni ya mche na ukwaju. Nyumba haikuwa na hati. Uwanja ukiuzwa, nyumba inakwenda, pamoja na za majirani zake. Uwanja ukihifadhiwa, wanabaki, maana waraka wa hifadhi ungefunga eneo lote mpaka barabarani. Mtaa mzima ulilijua hilo. Siku ya kwanza tu, akinionyesha msalani na mahali pa kuanika, Bi Zuwena aliniambia, "Mwanangu, hiyo kazi yenu ndiyo paa langu. Fanyeni vizuri." Aliniambia mara moja, na hakurudia tena mwaka mzima.

Na nitamweleza vipi kwa usafi wake? Ua aliufagia alfajiri na alasiri, na kati ya hapo akaufagia kwa macho. Sufuria zikitoka jikoni zilisuguliwa kwa jivu, mchanga na makumbi ya nazi, nje na ndani, hasa nje, kule kwenye masizi ambako mimi nilikuwa nimelelewa nikijua kwamba hakuhusu. Kisha zilipinduliwa juu ya benchi, kubwa kwa ndogo, zikimeta jua la jioni, na ole wako upite na kidole. "Mwanamke utamjua kwa kitako," alikuwa akisema, halafu ananyamaza makusudi mpaka Rahma aone aibu, ndipo anamalizia, "kitako cha sufuria!" Tulicheka kila mara. Jirani zake walikuja uani jioni kuchambua mchele na kuchambua watu, na mimi chumbani niliwasikia vizuri, ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo. "Hivi yule mpangaji wako anafanyaga nini pale?" "Anapima ukuta." "Kwani ukuta unashonewa suti?" Wakaangua kicheko. Bi Zuwena akawakemea, "Mwacheni mtoto wa watu, serikali haipimi kitu bure." Alinitetea kabla hajajua anachotetea.

Kuna chakula kimoja cha jioni ambacho kikinijia hata sasa naweka kijiko chini. Wali wa nazi, mchicha, changu wa kukaanga aliyewekewa ndimu. Tumekaa mkekani, Bi Zuwena, Rahma na mimi, na kucha zangu zina weusi wa siku nzima. Bi Zuwena akaniangalia vidole, akasema kwa upole, "Hebu niambie, mwanangu. Pale ukutani mnatafuta nini hasa?" Swali jepesi. Jibu lake neno moja. Nami nilikuwa nimefungua domo nijibu, macho yakaenda kwenye benchi, kwenye zile sufuria zilizopinduliwa zinang'aa, nikaona nitakavyoonekana. Msichana mzima, amesomeshwa hadi chuo, amekuja mjini, kazi yake ni kuchora masizi! Kitu ambacho mwanamke huyu hamalizi siku hajakiondoa. Nikaona nitachekwa mpaka Kongowe. Nikasema, "Mambo ya kitaalamu, mama. Marefu kidogo." "Anatuona sie mbumbumbu," akasema Rahma. "Mwache," akasema mama yake, "msomi ana siri zake kama mganga. Kula samaki, mtaalamu." Akaninyofolea ya tumboni, ile laini, akaniwekea upande wangu. Nikaila, tena kwa furaha, nikaona nimeponea.

Ilipokaribia mwisho wa mwaka tukapata habari njema. Mtaalamu mmoja wa nje, mzee aliyestaafu, ambaye ujanani alifanya kazi na roketi za aina ile na sasa alizunguka nchi mbalimbali akikagua vituo vya zamani, alikubali kuja. Tulimwita Bwana Otto. Angeuona ukuta kwa macho yake, angechukua vipande vya masizi na kupiga picha zake mwenyewe, na neno lake ndilo lingepelekwa kwa waamuzi. Bwana Mapunda alikuja barazani kwa Bi Zuwena kuniambia, na alikuwa na furaha ya mtoto siku ya sikukuu. Mimi badala ya kufurahi nikautazama mtaa. Mtaro ulikuwa umeziba, unanuka. Mbuzi wa jirani walikuwa wamelala juu ya sakafu ya roketi. Nikasema, na sikushusha sauti, "Lakini mzee, mie naona aibu. Tutamletaje mgeni kama yule kwenye uchafu huu? Atasema watu wa hapa hata kufagia hawajui." Bwana Mapunda akacheka akasema mgeni haji kula chini. Nyuma yangu, ndani ya duka, Bi Zuwena alikuwa anampimia mtu sukari. Nilisikia kopo likisimama ndani ya gunia. Kisha likaendelea.

Jioni ile hakunitania. Aliniandalia chakula, akaniuliza mgeni anafika siku gani, nikamwambia, akasema, "Inshallah." Nilijua kwamba amenisikia. Nikajiambia nitamwomba radhi kesho, na kesho yake nikajiambia hivyohivyo. Mtu mzima ukikosea kwa mdomo unajua pa kurekebisha. Kijana anangoja lisahaulike. Siku ya kumpokea mgeni nilikwenda mjini na Bwana Mapunda, nikalala kwa ndugu yangu Kinondoni, na asubuhi yake tukaja naye kwa gari, mzee mwembamba, mwenye kofia ya majani na Kiswahili cha kizamani alichojifunza ujanani. Njia nzima alikuwa akituuliza ukuta upoje, weusi umepanda hadi wapi, umepasuka vipi. Bwana Mapunda alikuwa anajibu na mikono yote miwili. "Utauona," alimwambia. "Utasema roketi zimerushwa jana."

Kwanza niliona mawe. Kandokando ya njia ya kuingilia uwanjani, mawe yamepangwa, yamepakwa chokaa, meupe pe. Kila mtu aliyesoma shule nchi hii anajua maana ya mawe meupe: mgeni rasmi anakuja. Halafu nikaona mtaro umezibuliwa, mbuzi hawapo, upinde wa makuti ya mnazi umefungwa maua ya mkwamba na asumini, na wanawake wa mtaa mzima wamesimama na kanga mpya, pea kwa pea, wanapiga vigelegele. Nikasema kimoyomoyo, Mungu wangu, iwe ni mawe tu. Tukapita chini ya upinde. Na ukuta ulikuwa mweupe. Mweupe kuanzia chini mpaka juu, chokaa bado mbichi inanuka, na pale chini ilipoanza kukauka uliona zege limesuguliwa mpaka limekuwa kama kisigino kilichotoka kusuguliwa kwa jiwe.

Bi Zuwena alitangulia. Mikono yake ilikuwa imechubuka, vidole vimevimba, na uso wake sijawahi kuuona ukiwa na nuru kiasi kile, si kabla wala baadaye. "Karibuni, karibuni sana! Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Kisha akanigeukia mimi, akanishika kidevu mbele za watu. "Leo hata Sekela haoni aibu." Bwana Otto alikuwa amekwisha kumpita. Alikwenda hadi ukutani, akavua kofia, akagusa kwa kidole, akakitazama kidole. "Mama," akasema taratibu, "hapa palikuwa peusi." "Peusi!" akajibu Bi Zuwena. "Baba, usiseme! Masizi ya miaka. Tumesugua kwa jivu hayatoki, tukaleta mchanga, tukaleta na burashi za chuma. Yametoka." Mzee akakitazama tena kidole chake. Bi Zuwena akaninong'oneza, "Mbona kanyamaza? Hajapenda chokaa?"

Ndipo Bwana Mapunda alipopata sauti. "Nani kaosha ukuta huu? Nauliza, nani?" Na Rahma, maskini, akaipokea kama sifa. "Sie sote! Toka jana mchana!" Wanawake wakapiga vigelegele tena. Bwana Mapunda akaketi chini, juu ya sakafu ya roketi, na suti yake. Sikuweza kuvumilia vile vigelegele. Nilisema, "Mama, lile ndilo tulilokuwa tunalipima." "Lipi?" "Lile jeusi. Masizi. Ndiyo yaliyokuwa ushahidi kwamba roketi ziliruka hapa. Sikukwambia. Uliniuliza, sikukwambia." Nilisema kwa sauti, wote wakasikia, na vigelegele vikakatika, kimoja kimoja, wa nyuma wakiulizana kasema nini. Bi Zuwena akanitazama. "Masizi?" "Masizi, mama." Akautazama ukuta, akatazama mikono yake, akaificha chini ya kanga. Nimeona watu wakifiwa, nimeona nyumba zikibomolewa. Sijaona kitu kilichoniuma macho kama mwanamke yule akiificha mikono yake kwa aibu ambayo ilikuwa yangu. Kisha akavuta pumzi, akasema, "Basi. Maji yakimwagika hayazoleki. Twendeni ndani, chakula kitapoa, na mgeni ametoka mbali."

Tukala. Hilo ndilo watu hawaniamini nikisimulia. Tuliketi uani tukala pilau ya mbuzi na kachumbari, na chai ya tangawizi iliyokuwa ikichemka pembeni katika kisufuria kidogo, na yaliyosikika zaidi ni "ongeza" na "ahsante". Bwana Mapunda alikuwa anatafuna huku analia, wala hafuti. Bwana Otto alikula kwa mkono, akamaliza, akamwambia Bi Zuwena kwamba hajapata kula pilau tamu vile, na nadhani alisema kweli. Bi Zuwena alizunguka na sinia. Alipofika kwangu, akanichagulia nyama ya ubavu, iliyonona, akaiweka katikati ya sahani. Laiti angenipiga kibao! Nilitafuna ile nyama, nikaimeza kwa chai, kwa sababu kuiacha kungekuwa kumuaibisha mara ya pili.

Alasiri nzima mimi na Bwana Otto tulipiga magoti tukikwangua chokaa kwa visu. Hapakuwa na kitu chini yake. Mchanga na chuma vilikuwa vimeondoka na ngozi ya zege. Michoro yangu aliitazama kwa makini, akaisifu, halafu akasema mchoro wa mtu anayetaka jambo liwe hauwezi kusimama peke yake. "Mimi naamini," alisema. "Lakini siwezi kuonyesha." Ndivyo alivyoandika, kwa uaminifu, na waamuzi nao wakaamua kwa uaminifu. Uwanja ukauzwa. Mvua za kwanza hazijakatika, alama za X nyekundu zikapigwa kwenye nyumba, ya Bi Zuwena ikiwa ya kwanza, palepale kati ya mlango wa duka na dirisha. Jirani mmoja akaja na ndoo na burashi, akasema kwa hasira, "Tuuoshe huu upuuzi!" Bi Zuwena akaitazama ile X nyekundu, akasema, "Ngoja. Safari hii tumuulize kwanza Sekela." Wakacheka, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa chumbani. Nilijifunika kanga usoni mchana kweupe, na joto lile.

Siku ya kuhama nilibeba mizigo toka asubuhi. Sikuwa nimeombwa, na hakuna aliyenikataza. Mwishoni kabisa, tulipobaki wawili katika duka tupu, nikaanza maneno yangu ya kuomba radhi, niliyoyapanga kwa wiki nzima, yakinitoka vipandevipande. Akanikatiza. "Mwanangu, mficha uchi hazai. Uliniona mimi nitakucheka?" Nikasema ndiyo. "Na kweli ningekucheka," akasema. "Ningekucheka sana. Halafu ningelilinda lile jisizi lako kwa mwiko, asilisogelee hata kuku." Akachukua ufagio, akaufagia ule ukumbi wa duka ambao kesho yake ungebomolewa, kona kwa kona, akaweka taka kwenye kizoleo.

Kazi niliendelea nayo, mpaka nimestaafu. Nimetunza misikiti ya kale, makaburi, stesheni, nyumba za mawe. Na kila nilipofika, kabla sijafungua mkoba, niliwaita watu wote, wenye nyumba, wafagizi, wapishi, hata wapita njia, nikawaonyesha doa, ufa au kutu, chochote kile kibaya kilichonileta, nikawaambia: hiki ndicho, msiguse. Wenzangu walinibatiza Mama Usiguse. Nililipokea jina, lilikuwa halali yangu. Lakini kwa Bi Zuwena, kule Chamazi walikohamia, sikwenda. Nitasema nini? Chamazi si Ulaya. Kila Idi Rahma alinitumia salamu, "Mama anauliza mtaalamu yuko wapi," na kila Idi nilikuwa na kazi, nina homa, nina safari. Mara moja nilifika mpaka kona ya nyumba, na keki mkononi, nikasikia sauti yake ukumbini anamfokea mtu kwa kukanyaga palipopigwa deki, nikageuza. Keki nilimpa mlinzi wa shule. Miaka ikapita hivyo, mingi kuliko inavyostahili aibu yoyote, na simu iliyokuja mwisho haikuwa ya salamu.

Kwa hiyo siku ya hitima, waliposhukuru na kula, nilimwomba Rahma anipe kazi. Nilitaka kuumia mgongo. Nikaenda nyuma kwenye masufuria ya shughuli, nikainama na wanawake wengine, jivu, mchanga na makumbi kama alivyonifundisha mwenyewe, nje hasa. Nilisugua nikahisi afadhali kidogo. Tulipokuwa tunamaliza nikaona, jikoni ndani, juu ya rafu, kisufuria kidogo kimesahauliwa, cheusi tititi, kimekaa peke yake katikati ya vilivyong'aa. Katika nyumba ya Bi Zuwena! Nikasema hiki nitakisugua mimi, hiki angalau. Nikakishusha, nikachota jivu, na mkono ulikuwa hewani Rahma aliposhtuka mlangoni. "Weka chini! Weka chini, Sekela! Hicho hakisuguliwi."

Nikakiweka chini. Akakichukua, akakitazama huku na huku kama nimekidhuru. "Hukujua?" akasema, sauti imeshuka. "Si ndicho kilichochemshiwa chai ya yule mgeni? Tulichemshia chai mpaka siku tunahama, kuni za palepale. Tulipofika huku mama akakitoa kwenye kapu, nami nataka kukiosha, akanizuia. Akasema, hiki kiacheni na masizi yake. Haya ni masizi ya Kwa Roketi. Siku Sekela akija na wataalamu wake wakasema hatukuwahi kuishi pale, mtawaonyesha hiki." Akafuta pua kwa upindo wa kanga. "Nilidhani anatania. Lakini kila akifagia jiko anauliza, kimeguswa? Kila mwaka, Sekela. Alikuwa anakungoja uje ukipime."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kama mtoto aliyechapwa kwa haki, na Rahma akaniacha nilie, hakunisitiri safari hii. Nilipotulia nilimwaga jivu, nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko, nikakausha. Nikamwomba mjukuu wa Bi Zuwena penseli na karatasi ya shule. Nikaketi mkekani, katikati ya wanawake wale wote waliokuwa wamesoma Yasini, nikakiweka kile kisufuria mbele yangu juu ya kanga, nikaanza pale chini moto ulipoanzia. Bibi mmoja mzee, ambaye simjui, akanisogelea akainama. "Unafanya nini, mama?"

"Nachora masizi," nikamwambia.

"Masizi?"

"Masizi, mama. Ndiyo kazi yangu."